Mteremko wa Mke Mbele

Shuzo Iwanaga alipostaafu ukarani katika kiwanda cha meli, mkewe Chizuru alimwacha kwanza apumzike, kisha akaanza kuomba mchana na usiku apate shughuli. Bwana huyo alizoea kukaa mezani. Meza ya ofisi ilipomtoka alihamia meza ya jikoni, na kutoka hapo akawa mkaguzi: kwa nini vitunguu vinakatwa vinene hivyo, kwa nini redio inawashwa alfajiri yote hiyo, kwa nini nyumba ya watu wawili ina makopo matatu ya chumvi. Kwa hiyo chama cha wakazi kilipotangaza kwamba kinatafuta watu wa kujitolea kuwatembeza wageni mtaani Tsubakizaka, Chizuru hakungoja mume apime uzito wa jambo. Alimvalisha koti, akampa mwavuli, akamfungulia mlango.

Shuzo akafaulu mtihani wa waongozaji. Alirudi na kizibao cha njano, kibendera, na kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni, akaanza kufanya mazoezi sebuleni kwa kumhutubia paka. Baada ya siku chache paka alihamia kwa jirani.

Tsubakizaka ni mtaa wa ngazi. Unaanzia chini kwenye kituo cha tramu na kuparamia mlima mpaka makaburini, na humo gari haliingii. Hata friji hupanda kwa mgongo wa mtu. Chizuru alizaliwa katika nyumba ile ile wanayoishi, yenye geti la bluu, katikati ya mteremko. Shuzo aliletwa na ndoa kutoka Saga, na ingawa alikuwa amezeekea hapo, vikongwe wa kule juu bado walimwita "yule kijana wa Saga." Labda ndiyo sababu alijisomea mtaa huo kwa bidii namna ile.

Jumamosi yake ya kwanza, Chizuru alikuwa ghorofani akianika magodoro dirishani. Alisikia kipaza sauti kikikoroma, kisha sauti ya mumewe ikipanda ngazi pamoja na wageni kama kumi na wawili. Alitaja mwaka. Akataja mwaka mwingine. Akataja upana wa mawe ya ngazi, jina la ofisa aliyeidhinisha mfereji, na mwaka mfereji ulipozibwa. Alikuwa akiusoma mtaa kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya kikohozi. Wageni waliangalia viatu vyao. Mama mmoja alipiga mwayo mrefu mpaka akashika taya.

Chizuru aliona haya kwa niaba ya mumewe. Halafu aibu ile ikampita, na mahali pake kikaja kitu kingine, kitu kilichokuwa kikimtekenya tangu utotoni na ambacho kilimfanya afukuzwe kwaya ya shule. Mtaa wangu, alijisemea, unauawa mchana kweupe.

Alishuka kwa Tokie. Hao wawili walianza darasa la kwanza pamoja, na sasa Tokie alikuwa na kibanda cha kababu za samaki pale pale chini ya ngazi. Katika kabati lake alikuwa na nywele za bandia za rangi ya kahawia, zilizobaki kutoka kikundi cha ngoma cha wastaafu, na koti la zambarau ambalo hata yeye aliona haya kulivaa. Chizuru aliyavaa yote, akaongeza barakoa na miwani ya jua. Tokie alimzunguka mara mbili, akamwambia anafanana na mwimbaji wa zamani anayekimbia kashfa.

Jumamosi iliyofuata, mgeni mmoja aliyejitambulisha kama Bibi Kuroda wa Osaka alijiunga na msafara. Alizungumza kwa sauti ya puani. Shuzo alimwinamia kwa adabu bila kumtazama sana, maana macho yake yalikuwa kwenye karatasi zake. Walipofika kituo cha kwanza cha kupumzikia, na mwongozaji alipokuwa anajiandaa kutaja mwaka, Bibi Kuroda aliinua mkono.

"Samahani, Bwana Mwongozaji. Nimesikia kwamba mteremko huu zamani uliitwa Mke Mbele. Ni kweli?"

Shuzo alipekua karatasi. Akazipekua tena kutoka nyuma kuja mbele. Alikiri kwamba jina hilo halimo, lakini angelifuatilia. Hapo Bibi Kuroda akamsaidia, kwa wema tu. Alieleza kwamba enzi hizo mke ndiye aliyetangulia kupanda, mikono mitupu, na mume alifuata nyuma na mizigo yote, kwa sababu mume akiteleza ataanguka peke yake, lakini mke akiteleza ataangukia kitu laini. Wageni walicheka. Kwa mara ya kwanza tangu wapande, waliinua vichwa na kuutazama ule mteremko. Mzee mmoja kutoka Kumamoto alijikuta amekabidhiwa mkoba wa mkewe, na akaubeba mpaka juu.

Jioni Shuzo aliweka vijiti vyake vya kulia juu ya meza, akashusha pumzi. Binti yao Nao alikuwa ameolewa Fukuoka zamani, lakini wao kwa wao bado waliitana Baba na Mama, kama vile mtoto yuko chumba cha pili.

"Mama, wewe umezaliwa hapa. Umewahi kusikia habari ya Mke Mbele?"

Chizuru alikuwa akimimina supu. Alifanya kama mtu anayechimba mbali sana katika kumbukumbu. Alisema yeye hakumbuki, ila bibi yake, alipokuwa akipanda ngazi hizo, kweli alikuwa na tabia ya kutangulia. Shuzo alitikisa kichwa polepole na kuendelea kula. Chizuru alilazimika kugeukia sinki na kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Wiki ile nzima alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha peremende mfukoni. Na Jumamosi ilipofika alirudi, safari hii kama Bibi Tashiro wa Hiroshima, na kofia pana juu ya nywele zile zile. Masikio yake hayakuamini. Mumewe hakusema mwaka hata mmoja kwenye kituo cha kwanza. Alisimulia Mke Mbele, na si kama alivyosimuliwa, bali alikuwa ameirutubisha. Sasa kulikuwa na mchuuzi wa tofu aliyebisha, akatangulia mbele ya mkewe, akateleza na tofu yake yote mpaka baharini, na ndiyo maana paka wa mtaa huo, hadi leo, hukaa ngazi za chini wakitazama juu. Wageni waliwatazama paka. Paka nao, kwa bahati, walikuwa wakitazama juu.

Chizuru alishindwa kujua kama aone wivu au fahari. Akaamua kumwongezea mzigo. Walipofika kwenye kisima kilicho chini ya mti wa maua ya camellia, ambacho babu yake alikichimba kwa ajili ya kuoshea ngisi wala si kwa jambo lolote la maana zaidi ya hilo, Bibi Tashiro aliuliza kama ni kweli anayechungulia humo huona sura ya mtu aliyepaswa kumwoa. Kulitokea msongamano. Mwanamume mmoja alichungulia, akakataa kabisa kumwambia mkewe alichokiona, na wenzi hao wakapanda ngazi zilizobaki wakiwa wamenuniana.

Usiku huo mezani, swali lilikuja tena, na uso wa Shuzo ukiwa mkavu kama ubao: je, Mama aliwahi kusikia lolote kuhusu kile kisima? Mama alisema mambo mengine si vizuri kuyazungumza wakati wa kula.

Basi ikawa hivyo majira yote ya masika. Wageni walianza kuja wengi kuliko kawaida, maana waliokuja waliwasimulia wenzao. Tokie aliuza kababu mpaka akaongeza kikaango. Mahali pamoja tu Chizuru hakufungua mdomo. Kwenye ukuta wa hekalu kuna vigae vya zamani vilivyoinama upande mmoja tangu ule mwezi wa Agosti bomu la atomiki lilipoangushwa. Hapo Shuzo alizima kipaza sauti, akavua kofia, akasema kwa sauti yake mwenyewe nani waliishi karibu na ukuta huo na nani walishuka bondeni asubuhi ile wasirudi. Mmoja wao alikuwa shangazi ya mama yake Chizuru. Bibi yule wa mji wa mbali alisimama nyuma ya miwani yake kama wengine, na safari ikaendelea kimya mpaka kona iliyofuata.

Mkasa ulitokea siku moja ya joto, mbele ya geti la bluu. Nyumba hiyo haikuwa katika safari. Siku zote Shuzo aliipita bila kuitupia jicho. Siku hiyo alisimama. Alikiweka sawa kipaza sauti, akawaomba wageni wasogee karibu, na akasema kwamba hapa pana historia ambayo wataalamu bado wanaichunguza.

Ndani ya nyumba hii, alisema, alilelewa binti aliyekuwa mtundu kuliko paka wote wa mteremko. Aliwahi kudondoka kutoka kwenye mti wa biwa, yale matunda madogo ya manjano, na kumwangukia kasisi aliyekuwa akipita, kasisi akadhani ameshukiwa na neema. Wageni wakacheka. Chizuru naye, chini ya barakoa, akatabasamu, kwani hilo lilikuwa kweli kabisa. Binti huyo, Shuzo akaendelea, alikua akaolewa, na alikuwa akiunguza wali mara nyingi sana hivi kwamba kikosi cha zimamoto kililazimika kuchimba kisima karibu. Kisima ndicho kile mlichokiona.

"Ni uongo huo," alisema Bibi wa Osaka, au wa Hiroshima, au popote alipokuwa ametoka siku hiyo, na hakusema kwa sauti ya puani. "Niliunguza mara moja tu, na ni wewe uliyeniita nje nije kuona upinde wa mvua."

Vichwa vyote viligeuka. Nywele za bandia, ambazo zilishachoka na joto, zilichagua wakati huo kutelezea sikioni.

Shuzo aliinama mbele ya wageni, chini kabisa, kama mtu anayefungua pazia. "Mabibi na mabwana," alisema, "huyu ndiye kivutio ambacho nimekuwa nikikihifadhi."

Walipiga makofi. Chizuru alisimama katikati ya makofi hayo na koti la Tokie, uso ukimwaka. Alimuuliza, meno yakiwa yamebanana, alijua tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza, Mama. Tulipofika kituo cha kupumzikia ulininyooshea kola. Mwanamke wa Osaka ana shida gani na kola yangu?"

Na kweli. Alipokumbuka, mkono ulikuwa umekwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kila asubuhi tangu waoane. Kilichomchoma si kugunduliwa. Kilichomchoma ni zile jioni zote. Yeye alikuwa akigeukia sinki kuficha kicheko, kumbe nyuma yake mtu alikuwa akimtazama mgongo na kuficha cha kwake. Jioni hiyo alimpa supu ya baridi. Shuzo aliinywa yote, akasifu. Chizuru akaingia stoo, akafunga mlango, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele.

Kuanzia hapo hakukuwa tena na haja ya koti wala nywele. Alipanda naye kila Jumamosi kwa sura yake mwenyewe, upande wa pili wa kundi, na walirushiana maneno juu ya vichwa vya wageni. Chizuru alisimulia jinsi karani mmoja wa Saga, alipokuja kuwaona wakwe kwa mara ya kwanza, alivyoliachia tikiti maji likabingirika mteremko mzima na kuingia kwenye tramu bila nauli. Shuzo alisahihisha kwamba tikiti lilisukumwa na mtu, na mtu huyo yuko hapa leo amevaa viatu vya bluu. Wageni waliuliza kipi ni kweli na kipi si kweli. Kila mmoja alimwonyesha mwenzake kidole.

Wasioona raha walikuwa waongozaji wengine, ambao misafara yao ilipungua. Walipeleka malalamiko kwa Bwana Urakawa, mwenyekiti wa chama cha wakazi, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu aliyetembea kana kwamba kuna mtihani unaendelea chumba cha jirani. Jumamosi moja alijitokeza kituoni na kofia ya chama kichwani, akasema atafuatana nao. Alitaka kusikia historia iliyothibitishwa, akasema, na isiyothibitishwa ibaki nyumbani.

Shuzo aliganda. Mbele ya cheo alirudi kuwa karani papo hapo. Akatoa karatasi zake za zamani, akaanza na mwaka. Kwenye kituo cha kwanza mgeni mmoja alikaa chini. Kwenye kisima wawili waliomba njia ya kwenda chooni na hawakurudi. Shuzo alijua, jasho lilimtiririka ndani ya kizibao, lakini hakuweza kujizuia, alikuwa tayari kwenye upana wa mawe. Chizuru alimtazama mumewe akizama na hakupenda alichokiona. Walipofika bwawa la hekalu, akasogea mbele.

Aliwaambia wageni kwamba bwawa hilo lina samaki wa dhahabu, lakini kuna mwaka lilikuwa na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Kasisi mkuu aliinama asubuhi kunawa mikono, mkunga akachomoza kichwa, na kasisi akakimbia na taulo lake hadi kituo cha tramu akisema joka limeamka. Mkunga yule aliwekwa na mvulana mmoja wa ngazi za juu, mwenye masikio makubwa, ambaye hajakamatwa mpaka leo. Hakutaja jina. Alitazama maji tu. Lakini wageni wengine walikuwa wamekwisha kuanza kuangalia masikio ya mwenyekiti, yaliyokuwa yamesimama pande zote mbili za kofia na kugeuka mekundu.

Shuzo alifumba macho kama mtu anayeaga kizibao chake.

"Walikuwa wawili," alisema Bwana Urakawa.

Chizuru aliuliza wawili nini.

"Mikunga. Mmoja aliingia mferejini sikumwona tena. Kama unasimulia, Chizuru-san, simulia vizuri."

Na akasimulia yeye. Alieleza jinsi alivyowabeba ndani ya ndoo ya shule akiwa amewafunika kwa sare yake ya michezo, jinsi baba yake alivyoinusa sare hiyo jioni, jinsi alivyolala kifudifudi kwa siku kadhaa kwa sababu ambazo hakuhitaji kuzieleza. Alisimulia kwa mikono, na kofia ilimwangukia bwawani, mgeni mmoja akaiopoa kwa mwavuli. Mpaka wanafika makaburini alikuwa amekwisha kusimulia mengine matatu, moja likiwa la aibu kweli kwa familia ya mwongozaji mmoja kati ya wale waliolalamika.

Hata hivyo, ukaguzi ni ukaguzi. Kabla ya kuachana nao alitoa amri: porojo ziruhusiwe, lakini mwisho wa safari, wakisharudi kituo cha tramu, waongozaji wawaambie wageni waziwazi zipi zilikuwa porojo. Siku ya Jumatatu Chizuru aliletewa kizibao chake. Kilikuwa kikubwa, akakipunguza kiunoni kwa mkono wake.

Amri hiyo waliifuata kwa uaminifu, au karibu hivyo. Halafu, siku moja mwezi wa Juni, biwa zikiwa zimeiva, Shuzo alisimama chini ya mti wa geti la bluu na kusimulia jambo ambalo Chizuru hakuwahi kulisikia. Yeye alichojua, na watu wote walijua, ni kwamba walikutanishwa na shangazi ya Shuzo, kwa chai na picha na adabu zote, kama ilivyokuwa desturi. Sasa mumewe aliwaambia wageni kwamba miezi mingi kabla ya chai hiyo, kijana mmoja wa Saga alishuka kituo kisicho chake, akapanda ngazi hizi akiwa amepotea, akamkuta msichana ameketi juu ya ukuta huu akila biwa na kuwalenga paka kwa mbegu. Mbegu moja ikampata yeye shingoni. Msichana hakuomba radhi. Kijana alirudi chini, akapanda tramu, na hakulala.

Chizuru wakati huo alikuwa amemshika mkono mgeni mzee, hakuweza kumwona mumewe usoni. Walipofika kituoni alisubiri kwa hamu sehemu ya porojo. Shuzo alizitaja: mchuuzi wa tofu, porojo, kisima, porojo, zimamoto, porojo. Akazima kipaza sauti, akawashukuru wageni, akawatakia safari njema.

"Na ile ya mbegu?" Chizuru aliuliza walipobaki wawili.

Shuzo alisema ana njaa.

Aliuliza tena wakati wa chakula, akajibiwa kwamba samaki ana miiba mingi leo. Alimuuliza Tokie, ambaye alikumbuka mbegu nyingi na shingo nyingi. Mwishowe, Jumapili, Shuzo alipokwenda kwa jirani kumchukua paka kwa mara ya kumi, Chizuru alimpigia simu yule shangazi huko Saga. Shangazi alikuwa amepita miaka tisini na sikio moja lilikuwa limestaafu. Ilibidi swali lipigiwe kelele mara tatu.

"Shuzo?" alisema bibi kizee. "Alinisumbua masika yote, mwanangu. Kila nikigeuka yupo, nimtafutie njia ya kuingia nyumba yenye geti la bluu. Akaniapisha nisiseme, eti msichana mwenyewe atamcheka. Na figili zenu huko mwaka huu vipi, zimenenepa?"

Chizuru alijibu kwamba figili zimenenepa. Alimuuliza afya, akamsikiliza habari za goti, akakata simu taratibu. Alikaa kidogo na mkono juu ya simu. Aliposikia geti likifunguka, alikuwa amekwisha kurudi kwenye vitunguu vyake, akivikata vinene.

Shuzo aliingia na paka kwapani, akauliza ni nani huyo aliyekuwa akimpigia kelele kwenye simu, maana sauti ilifika mpaka kwa jirani.

"Mtu wa bima," alisema Chizuru. "Sogea hapa, kola yako imepinda."